Pazia Lenye Tundu la Mkono

Wanangu mlioajiriwa juzi, nimesikia mnataka kuliondoa lile pazia la chumba cha sindano hapo kituoni. Nesi Pili kaniambia. Kasema mmoja wenu, yule Zulekha mrefu, kauliza tundu lile la katikati la kazi gani, na kama ni panya basi watiwe sumu. Si panya. Lilikatwa mchana kweupe na mkasi ulikuwa wangu. Basi kabla hamjaliteremsha mkalifanya tambara la kupigia deki, nisikilizeni. Mimi nshastaafu, wakati ninao. Anayeijua habari hii pamoja nami ni Pili, na Pili ana wagonjwa.

Sitawaeleza habari za vyeo maana sikuwa na cheo. Niliingia mhudumu, nikatoka mhudumu. Skuli nilisoma kisiwani kwetu Tumbatu, nikaishia madarasa ya mwanzo, kwa hiyo haya nayaandika mwenyewe ila mjukuu wangu Rahma ndiye anayenitilia nukta, na pale penye nukta nyingi mjue alikuwa na haraka. Nilichopewa na Mungu ni majina. Jina la mtu likishaniingia halitoki tena. Waliozaliwa mikononi mwetu nawajua, mama zao nawajua, na waume waliokuja kuwachukua wakakosea mlango pia nawajua.

Siku hizi nawaona wasichana wanazunguka Mwanakwerekwe na bahasha kwapani. Kila penye duka la simu siku hizi pana zahanati, na kila zahanati wanakaa watu watatu mezani wanamuuliza msichana kwa nini anaipenda kazi ya uuguzi. Mimi hakuna aliyeniuliza. Mimi niliajiriwa kwa kushika beseni.

Ilikuwa katikati ya miaka ya thamanini. Nilikwenda hospitali kubwa ya mjini kumtazama shangazi yangu Bi Mize, nimemchukulia uji. Sijauweka chini, mgonjwa wa kitanda cha pili akaanza kutapika. Akatokea mwanamke mwembamba, kipini cha dhahabu puani, nguo nyeupe imetiwa wanga mpaka ikawa inasikika kabla hajafika.

"Wee! Shika beseni."

Nikashika.

"Ligeuze huku. Huku! Haya. Jina lako nani?"

"Mwanahawa Makame."

"Kesho saa moja asubuhi, Mwanahawa. Na kucha ukate."

Nikadhani ananikaribisha kuja tena kumtazama mgonjwa. Asubuhi nikaja na uji wangu, akaupokea, akampa shangazi, mimi akanipa fagio. Baada ya siku chache shangazi akaruhusiwa akarudi zake Tumbatu. Mimi sikuruhusiwa mpaka nilipostaafu.

Mwanamke huyo ndiye Bi Ruzuna Nassor, mwalimu wangu. Alikuwa mtoto wa Mji Mkongwe khasa. Babu yake alikuwa na mashamba ya mikarafuu asiyoyajua mwisho wake, na katika yote hayo Bi Ruzuna alirithi mlango wa nakshi mzima na nyumba nusu, maana nusu nyengine ilianguka mvua za masika. Hakulalamika hata siku moja. Alisema mlango ukiwa mzuri watu hawaulizi habari ya nyumba.

Alinifundisha kazi kwa maneno machache. Jina kwanza, ugonjwa baadaye. Shuka likunjwe pembeni kama bahasha. Na kila kitu kichemshwe. Nyinyi mnafungua bomba la sindano katika karatasi, mnachoma, mnatupa. Sisi mabomba yalikuwa ya kioo, tunayalaza katika kibati cha chuma, tunakiweka juu ya stovu ya mafuta mpaka maji yacheze, kisha tunayatoa na koleo. Sindano zenyewe tulizichoma watu mpaka zikawa butu, tukazinoa kwenye jiwe. Msinikunjie uso. Ndizo zilizowachoma mama zenu na nyinyi mkazaliwa.

Lakini la kuchoma ndilo alilokuwa nalo peke yake. Wengine huwaambia wagonjwa wavute pumzi au watazame ukutani. Bi Ruzuna akimuuliza mgonjwa habari ya mtu asiyempenda.

"Enhe, Bi Saada, na wifi yako je, bado mnakaa pamoja?"

"Huyo! Usinambie habari za huyo! Juzi kachukua sufuria yangu—"

Basi hapo kwenye sufuria ndipo sindano ishaingia na ishatoka, na pamba ishawekwa, na Bi Saada bado yuko kwenye sufuria. Sijamuona mtu aliyelia kwa sindano ya Bi Ruzuna. Niliwaona waliolia kwa wifi.

Miaka ya tisini likafunguliwa hili tawi letu la hospitali, kituo hiki cha huku karibu na soko la Mwanakwerekwe, Bi Ruzuna akaletwa kuwa mkubwa, akanichukua na mimi. Alikuwa keshahamia huku na mumewe, Mzee Suleiman fundi saa, nyumba ya kichochoro cha nyuma ya kituo. Daktari alikuwa Daktari Sudi, kijana wa Kipemba, mrefu, mpole, akiinama kila mlango hata usiomfikia kichwa. Mwisho akaja Pili Vuai, nesi mpya, ametoka chuoni wiki ile.

Pili nanyi mnamjua leo, mkubwa wenu, mnamuogopa. Wakati ule alikuwa na sura ya mtoto wa chuo cha Kurani anayengoja kuulizwa sura aliyohifadhi. Alishukuru mno kupangiwa hapa, kwa sababu mama yake, Bi Mgeni, upande mmoja wa mwili ulikuwa umekufa ganzi na alikuwa kalala nyumba ya tatu kutoka sokoni. Pili ndiye mtoto wake pekee. Kila adhuhuri alikwenda mbio kumgeuza na kumlisha, akarudi mbio, nguo nyeupe, viatu mkononi.

Tabu yake ni kuwa watu hawakumtaka. Mzee Kombo Faki, muuza samaki, mwenye kidonda cha mguu kilichomlazimu sindano ya mkono kila asubuhi, alimtazama siku ya kwanza akarudisha mkono katika kanzu.

"Huyu? Huyu ngozi yake mwenyewe haijakomaa, ataijuaje yangu? Namngoja Bi Ruzuna."

Na wote wakamngoja Bi Ruzuna. Pili akawa anachemsha mabomba ambayo hachomi.

Tukawa katika hali hiyo Mzee Suleiman akafariki. Alikuwa anatia saa ufunguo. Mungu amrehemu, alikuwa mtu mzuri, ila saa zake zote zilikwenda mbele. Bi Ruzuna akaingia edani, kama desturi: miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba, bila ya manukato, bila ya kuonana na mwanamme asiye maharimu wake. Na ili desturi isipinde, wifi yake, Bi Kazija, dada wa marehemu, akaja kutoka Mkokotoni na mkeka na mwiko, akakaa mlangoni. Mkeka ulikuwa wa kukalia. Mwiko hakusema wa nini.

Sasa sikilizeni jinsi mambo yalivyoharibika bila ya mtu yeyote kufanya jambo baya.

Wagonjwa walikuja kituoni, wakauliza, "Bi Ruzuna yuko wapi?" Tukawaambia kafiwa, yumo edani. Mtu akisikia mwenzake kafiwa hufanya nini? Huenda kumpa mkono wa pole. Basi wanawake wakatoka kituoni wakaenda nyumba ya nyuma, wakapita mlango wa uani, wakakaa, wakalia kidogo, wakasoma fatiha. Na walipomaliza, kwa vile wamekaa na yeye amekaa, "Na huku mguu wangu, Bi Ruzuna, hebu tazama." Akitazama. Angefanyaje, afumbe macho?

Kesho yake walirudi kutoa pole tena. Na keshokutwa. Bi Tatu wa Jang'ombe alikuja kutoa pole mara nyingi zaidi kuliko ndugu wa marehemu, na siku moja, tumeshamfunga kidonda, yumo anajitanda ukaya wake kichwani, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Hivi, shoga, hapa kafa nani?"

Wanaume hawakuweza kuingia. Wakakaa nje ya mlango wa mbele, chini ya turubali la matanga. Lilikuwa turubali la mtu mmoja, Machano, na lilikuwa liondoke siku ya tatu, lakini Machano mwenyewe alikuwa na jino linamuuma, na akaona hapana maana ya kuondoa kivuli akakaa juani. Mlangoni likatundikwa pazia zito. Nje wanaume, ndani Bi Ruzuna, na katikati Bi Kazija akipeleka maneno. Nalo likawa tatizo, maana Bi Kazija alikuwa na haya.

"Anasema anaumwa," atasema Bi Kazija.

"Anaumwa wapi?"

"Huko."

"Huko wapi, wifi?"

"Huko kwao."

"Kwao Makunduchi au kwao mwilini?"

"Nshasema, Ruzuna. Mimi zaidi ya hapo siendi."

Asubuhi moja nilikuwa pale na Pili. Tulikuwa tukipeleka kibati cha mabomba nyumbani, maana pale ndipo walipokuwepo watu. Mzee Kombo akaita kutoka nje kwamba mkono wake umekosa sindano na mguu umeanza kunuka kuliko samaki wake. Bi Ruzuna akasema, "Apitishe mkono." Mzee Kombo akaupitisha pembeni ya pazia. Bi Ruzuna akageuza uso ukutani, kwa sababu hata mkono wa mwanamme wa kando hakutaka kuutazama, sembuse kuushika. Akamwashiria Pili kwa kidevu. Kisha akaita, "Mzee Kombo, na yule jirani yako wa mezani sokoni, mshapatana?"

"Tupatane! Mimi na yule? Anamwaga maji yake upande wangu—"

Pili akachoma. Akaweka pamba.

"—na kila nikisema, ananambia... Aa. Ishakwisha?" Mzee Kombo akauvuta mkono wake akautazama. "Alhamdulillahi. Mkono wa Bi Ruzuna huo! Sikuhisi kitu!"

"Mkono si wangu, Mzee Kombo," Bi Ruzuna akasema. "Ni wa Nesi Pili."

"Unyenyekevu wako huo, Bi Ruzuna. Mungu akuzidishie."

Basi ndivyo ilivyokuwa kila siku tangu hapo. Mwanamme anapitisha mkono, Bi Ruzuna ameelekea ukutani na tasbihi yake anamuuliza habari ya adui yake, Pili anachoma. Mwanamme anamshukuru Bi Ruzuna. Bi Ruzuna anasema mkono si wangu. Wanaume nje wanatazamana, wanatikisa vichwa kwa jinsi mwanamke huyu asivyopenda sifa. Aliyeondoka amepona alikuwa amepona, kwa Pili ilitosha.

Tundu lilikuja kwa sababu ya Machano. Alipitisha mkono pembeni ya pazia na kichwa kikafuata, akasema kilifuata chenyewe. Hapo ndipo tulipojua mwiko ni wa nini. Bi Kazija akasema pazia lishonwe pande zote kwenye fremu na litobolewe katikati, tundu la kupita mkono na si zaidi. Nikatoa mkasi wangu wa kukatia bendeji nikakata. Bi Kazija akalipima kwa mkono wa Mzee Kombo, akatangaza nje: "Mkono tu! Asiyeumwa mkono aende kwa daktari!" Kwa hiyo Daktari Sudi, peke yake kituoni, alibaki na wale tu ambao sindano zao zilikuwa za makalio. Walikwenda kwake wameinamisha vichwa kama waliotengwa.

Siku moja Daktari Sudi akarudi kutoka mkutanoni mjini, akatukuta nyumbani kwa Bi Ruzuna, akasimama nje akazungumza kupitia kwenye tundu.

"Anakuja Bwana Haroub wa ofisini. Anapita vituo vyote. Nesi atakayemkuta hana kazi anamhamishia pasipo na nesi."

"Pasipo na nesi wapi?" nikauliza.

"Tumbatu."

Wakavuta midomo wote. Mimi kwetu Tumbatu na sikupenda hivyo walivyovuta midomo. Tumbatu pazuri. Lakini nikamtazama Pili, na Pili alikuwa ameshika kibati kama mtu aliyeshika mtoto.

"Mama nimuache na nani?" akasema. Bi Mgeni hakuweza kukaa, sembuse kuvuka bahari. Mwenye kumgeuza alikuwa Pili, na hapakuwa na Pili mwengine.

Bi Ruzuna akafanya lililomkhusu. Akawaambia wanaume wa nje waziwazi: kuanzia kesho nendeni kituoni, Nesi Pili yupo, na mkono ule ni wake. Wakaitika wote vizuri. Kesho yake wakaja mapema zaidi, kila mmoja na kitu mkononi, huyu ndizi, huyu pweza mkavu. Walidhani Bi Ruzuna kachoshwa na watu na anataka kubembelezwa. Bi Kazija naye akakataa kumfukuza yeyote. "Wamekuja matangani. Nani anafukuza mtu matangani? Mimi nitakwenda kwa Mungu niseme nini?"

Bwana Haroub akaja. Mtu mnene, safi, kanzu imepigwa pasi mpaka mikunjo imetoka kama kisu. Aliingia kituoni akakuta viti vitupu, na Daktari Sudi, wa makalio keshawamaliza, amekaa anasoma kitabu.

"Wagonjwa wako wapi?"

Daktari Sudi hakujua kusema uongo, ni kasoro aliyokuwa nayo. "Matangani," akajibu.

"Wote?"

"Wote."

"Kafa nani?"

"Mume wa nesi mkubwa. Miezi miwili nyuma."

Bwana Haroub akaona bora akatazame mwenyewe. Akaletwa kichochoroni, na akiingia tu chini ya turubali akakanyaga msumari mrefu wenye kutu uliotoka kwenye kigingi cha Machano, ukapenya kandambili mpaka nyamani. Hakupiga kelele, maana aliona watu wamekaa na vichwa vimeinama. Wao nao walipomuona mgeni kaingia na machozi machoni, wakajua huyu alikuwa rafiki wa marehemu. Wakamkalisha, wakampa kahawa, wakamfungulia juzuu asome. Wallahi alisoma. Angefanyaje? Alisoma mguu unavuja, na mimi niko nyuma ya pazia nimetia jicho tunduni, na Mzee Kombo anamfuta jasho, anamwambia, "Subiri, ndugu yangu. Sote njia yetu hiyo."

Daktari Sudi ndiye aliyeona damu. "Huyu anataka sindano ya pepopunda," akasema, na hapo turubali zima likaitika kwa sauti moja: "Bi Ruzuna!"

Bwana Haroub akauliza, "Na Nesi Pili yuko wapi?"

"Pili?" Machano akafikiri. "Yule mtoto? Yule hutuletea maji."

Nikamtazama Pili. Alikuwa keshachukua bomba, keshavuta dawa.

Mkono wa Bwana Haroub ukapita tunduni kwa shida, mnene, mweupe, umekunjwa kanzu mpaka begani. Bi Ruzuna, huko kitandani, uso ukutani, akaita:

"Karibu, Bwana Haroub. Na mkubwa wako ofisini hajambo?"

"Mkubwa wangu?" Mkono ukakaza, ukalegea. "Yule mtu! Bi Ruzuna, yule mtu kiti changu kakipeleka uani, kisha ananuliza kwa nini sikai ofisini—"

Pili akachoma, akatoa, akaweka pamba, akashikilia.

"—na mbele za watu! Aa. Bado?"

"Ishakwisha," wakamwambia nje kwa furaha, kama wazazi wa bwana harusi.

Bwana Haroub akastaajabu. Mkono wake ungali ndani, akamgeukia Daktari Sudi na kusema kwa sauti ya ofisini: "Basi mimi nshaona. Kituo kina nesi mmoja anafanya kazi ya watu wote hata yumo msibani, na mwengine analeta maji. Huyu Pili Jumatatu aende Tumbatu. Bi Ruzuna, ahsante sana, niachie mkono."

Mkono haukuachiwa.

Sikupanga mimi wala hakupanga Bi Ruzuna. Pili alikuwa ameshika pamba juu ya mkono ule na vidole vyake vikakataa. Machozi yanamtoka, na kashika kama mtu aliyeshika kamba ya ndoo na ndoo imo kisimani.

"Bi Ruzuna," Bwana Haroub akasema kwa upole, "nashukuru. Niachie."

Pili akazidi kushikilia.

"Bi Ruzuna." Sauti ikaingia wasiwasi. Akavuta. Pazia likaja, Pili hakuja. "Bi Ruzuna, watu wanatazama!"

Na kweli walikuwa wanatazama. Wanaume wote wa turubali wamesimama, vikombe mkononi, wanamtazama Bwana wa ofisini aliyeshikwa mkono na kizuka, mjane aliyemo edani, hamuachii.

Hapo Bi Ruzuna akasema, na sauti yake haikutoka penye mkono, ilitoka mbali, mwisho wa chumba.

"Bwana Haroub. Mimi niko huku kitandani, na uso wangu uko ukutani. Nimo edani. Mwanamme wa kando nitamshika mkono vipi? Wewe ulidhani anayekushika nani?"

Nje kila mwanamme akautazama mkono wake mwenyewe. Maana jambo lenyewe kila mtu alilijua. Mtoto wa chuoni analijua. Watu wazima wenye ndevu, mahodari wa kutia aya mahali pake, wamekaa wiki kwa wiki wakipitisha mikono yao kwa kizuka na wakamshukuru Mungu, na hakuna aliyesita akajiuliza.

Bi Kazija akainuka mkekani. Mwiko ulikuwa nao umeinuka.

"Hebu, Bwana," akasema polepole. "Umetoka mjini, umevaa kanzu ya pasi, umekuja hapa kutia mkono wako, na moyoni mwako ukijua, au ukidhani, kuwa unashikwa na mke wa ndugu yangu? Udongo wake haujakauka?"

"A'udhu billahi!" Bwana Haroub akapiga kelele. "Mimi? Hasha! Mimi nilijua! Nilijua tangu mwanzo mkono huu ni wa Nesi Pili!"

"Ulijua?"

"Nani asiyeujua mkono wa Nesi Pili! Mkono mwepesi kama huu!"

Bi Kazija akageuza mwiko kwa Machano. "Na wewe?"

"Nilijua," Machano akasema haraka. "Hata juzi nilimwambia mtu."

"Mzee Kombo?"

"Mimi?" Mzee Kombo akaweka mkono kifuani. "Mimi ndiye niliyesema siku ya kwanza kabisa. Nilisema, huyu mtoto ana mkono."

Wakajua wote, mmoja mmoja, mpaka muuza kahawa ambaye hajapata kuchomwa. Kisha Daktari Sudi, aliyekuwa hajui kusema uongo, akauliza swali lake kwa unyenyekevu: "Basi, Bwana Haroub, ikiwa wote hawa wanatibiwa na Nesi Pili, Tumbatu tunampeleka nani?"

"Nani kasema Tumbatu?" Bwana Haroub akajibu. "Nesi mwenye kazi kama hii anahamishwaje? Pili anabaki hapahapa. Nesi Pili, mwanangu, umesikia? Unabaki. Sasa niachie."

Pili akaachia. Akanawa, akavua viatu, akatoka mlango wa uani mbio, maana adhuhuri ilikuwa ishaingia na Bi Mgeni alikuwa hajageuzwa.

Eda ilipokwisha Bi Ruzuna alirudi kituoni, na sote tulidhani yatakwisha. Hayakwisha. Wanaume walikuja, wakamkuta Pili yuko wazi mezani na sindano, wakasimama mlangoni. Kukaa mbele yake sasa, uso kwa uso, kungekuwa kama kukiri kuwa zamani walidhani mengine. Mzee Kombo ndiye aliyesema: "Sisi tumezoea kuchomwa na Nesi Pili katika pazia." Basi Daktari Sudi akalileta pazia lilelile, na tundu lake, akalitundika hapo mnapoliona. Tumbatu walipelekewa nesi mwengine, Asha Ali, akaolewa hukohuko, na kila nikenda kwetu ananambia sasa yeye ndiye Mtumbatu kuliko mimi.

Bi Mgeni aliishi miaka mengine mingi, akafa amegeuzwa vizuri. Bi Kazija alirudi Mkokotoni na mkeka. Mwiko aliuacha kituoni, ndio ule wa kukorogea uji wa watoto. Bi Ruzuna alistaafu kabla yangu na akafariki kabla yangu, na aliyemuosha ni mimi na Pili.

Wiki yangu ya mwisho kazini niliambiwa na mimi nichomwe sindano, kikohozi kilikuwa kimenikalia. Chumba kilikuwa kimejaa wanaume, nikaona uvivu wa kuzunguka, nikatia mkono wangu tunduni kama wao. Mara ya kwanza, katika miaka yote hiyo, kukaa upande ule. Nikaulizwa kwa ndani, hajambo yule karani wa bohari aliyekuwa akininyima sabuni. Nikaanza kumueleza, Mungu anisamehe, na nilipofika kwenye sabuni nikahisi pamba.

Sikufikiri. Maneno yalinitoka yenyewe.

"Ahsante, Bi Ruzuna."

Pili akajibu kutoka nyuma ya pazia:

"Mkono si wangu, Bi Mwanahawa."